Profesa mwenye kofia mbili: chuo kikuu ao hospitali, nani apokee malalamiko?

Asubuhi ni daktari mkuu wa idara. Anapita kitanda kwa kitanda, stajiere kumi nyuma yake wakiandika kila neno. Mchana ni profesa, amesimama mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mwisho wa mwaka ni yeye tena anayeketi kwenye juri na kutoa pointi. Mtu ni mmoja, koti jeupe ni lile lile, lakini ana wakubwa wawili: mkurugenzi wa hospitali upande mmoja, rekta wa chuo kikuu upande mwingine.

Katika miji yetu hali hiyo ni ya kawaida, na bila hiyo hatungepata waganga. Bukavu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Katoliki (UCB) wanajifunzia kazi kwenye Hospitali Kuu ya Jimbo, na wale wa UEA wanajifunzia Panzi. Lubumbashi, wanafunzi wa UNILU wanapita hospitali Jason Sendwe. Kinshasa, UNIKIN ina hospitali yake yenyewe, ile inayoitwa Cliniques Universitaires. Udaktari haujifunzwi ubaoni tu. Unajifunzwa pembeni ya mgonjwa, na mwenye kufundisha lazima awe pia mwenye kutibu.

Shida inaanza siku mtu anapokuwa na neno juu ya profesa huyo.

Tuchukue mfano, na ni mfano tu. Stajiere wa mwaka wa mwisho ameombwa pesa kabla karatasi yake ya staji haijasainiwa. Ao ameona mgonjwa akipewa dawa ya majaribio bila kuelezwa. Ao ameitwa mahali pasipofaa, saa isiyofaa. Anachukua kalamu, anaandika barua. Anaipeleka chuo kikuu, anaambiwa: «Hayo yametokea hospitalini, nenda kule.» Anafika hospitalini, anaambiwa: «Wewe si mfanyakazi wetu, wewe ni mwanafunzi wa chuo, rudi kwa mkuu wa fakilte.» Barua inazunguka wiki mbili, wiki tatu. Siku moja inafika mezani pa yule yule aliyelalamikiwa, kwa sababu yeye pia ni mjumbe wa kamati inayosoma barua. Na pointi za stajiere zingali mikononi mwake.

Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome hawezi kuelewa kwa nini mtoto ananyamaza. Mtoto anajua.

Si shida ya nchi maskini peke yake

Wengi watasema: hayo ni mambo ya kwetu, kule Ulaya kila kitu kiko wazi. Sivyo. Kisa kimoja kinachojulikana zaidi duniani juu ya jambo hili kimetokea Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, ndani ya nyumba mbili zenye jina kubwa.

Watu wa Kivu wanaijua Nobel kwa sababu ya daktari Denis Mukwege, aliyepewa ile ya amani mwaka 2018. Hiyo hutolewa Oslo, nchini Norvege. Lakini Nobel ya udaktari huamuliwa Stockholm, kwenye chuo kikuu cha udaktari kinachoitwa Karolinska, kilichoanzishwa mwaka 1810. Karibu yake kuna hospitali yenye jina hilo hilo la Karolinska. Chuo ni cha taifa. Hospitali ni ya jimbo. Nyumba mbili, bajeti mbili, wakubwa wawili.

Mwaka 2010, daktari wa upasuaji kutoka Italia, Paolo Macchiarini, aliajiriwa na nyumba zote mbili kwa pamoja. Chuoni alikuwa profesa mgeni, hospitalini alikuwa daktari wa upasuaji. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba kabla ya kuajiriwa, chuo kilikuwa kimepata maonyo juu yake kutoka kwa watu waliomjua. Hayakuzingatiwa.

Tarehe 9 mwezi wa sita mwaka 2011, profesa huyo alifanya upasuaji ambao dunia nzima iliusifu. Alimwekea mgonjwa bomba la hewa la plastiki, lile linalotoka kooni kwenda kwenye mapafu, likiwa limepakwa seli changa zilizotolewa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Ilisemwa kwamba seli zitaota na bomba litakuwa kama kiungo cha kweli. Mgonjwa alikuwa Mwafrika, kijana kutoka Eritrea aliyekuwa akisoma chuo kikuu nchini Iceland. Alikuwa na uvimbe uliokuwa ukimzuia kupumua.

Miezi mitano baadaye, gazeti kubwa la udaktari, The Lancet, lilichapisha makala iliyosema mgonjwa anaendelea vizuri. Wagonjwa wengine wawili wakawekewa mabomba ya namna hiyo katika hospitali ile: mmoja kutoka Marekani, mwingine kutoka Uturuki. Mmarekani alikufa mwaka 2012. Kijana wa Eritrea alikufa mwezi wa kwanza mwaka 2014. Mgonjwa wa Uturuki aliteseka miaka, akafanyiwa upasuaji mwingi, akafa mwaka 2017.

Nyumba moja inafunga mlango, nyingine inaufungua

Mwaka 2013 hospitali ilianza kuona. Ilisimamisha upasuaji huo, na mkataba wa Macchiarini kama daktari haukufanywa upya. Lakini chuo kikuu kilimwacha aendelee na utafiti wake. Maana yake: mtu ambaye hospitali haimtaki tena karibu na wagonjwa bado ni profesa, bado anaandika makala kwa jina la chuo, na kila anayesoma makala hizo anafikiri wagonjwa wake wamepona.

Mwaka 2014 malalamiko yalianza kufika. Profesa mmoja wa Ubelgiji, Pierre Delaere wa chuo kikuu cha Leuven, aliandikia chuo kwamba njia hiyo haina msingi wa kisayansi. Kisha madaktari wanne wa hospitali ile ile ya Karolinska walileta ripoti ya mamia ya kurasa. Wao walikuwa wamewatunza wagonjwa kwa mikono yao. Walifanya jambo rahisi: wakachukua mafaili ya wagonjwa, wakayalinganisha na makala zilizochapishwa. Makala zilisema mgonjwa anaendelea vizuri. Faili lilisema mambo mengine kabisa.

Walipata nini? Kwanza, waliambiwa kwamba wamefungua mafaili ya wagonjwa bila haki. Pili, kila nyumba ilikuwa na jibu lake. Chuo kilisema upasuaji ni matibabu, na matibabu ni kazi ya hospitali. Hospitali ilisema makala ni sayansi, na sayansi ni kazi ya chuo. Na kwa sababu upasuaji uliitwa matibabu ya kuokoa maisha, hakuna aliyeomba ruhusa ya kamati ya maadili, ile inayotakiwa kabla ya kufanya majaribio juu ya binadamu. Katikati ya nyumba mbili palikuwa na uwanja usio na mwenyewe, na wagonjwa walikuwa wamelala katika uwanja huo.

Chuo kilimwomba profesa wa nje, Bengt Gerdin wa Uppsala, achunguze. Mwezi wa tano mwaka 2015 alitoa jibu: kuna udanganyifu wa kisayansi. Lakini mwezi wa nane mwaka huo huo, rekta wa chuo, Anders Hamsten, aliamua kinyume: akasema hakuna udanganyifu. Hebu tuangalie vizuri nani alihukumu. Chuo kilichomwajiri profesa, kilichojisifu kwa ajili yake, ndicho kilichokuwa hakimu wa mwisho wa malalamiko juu yake.

Ukweli ulitoka kwa njia ya televisheni. Mwezi wa kwanza mwaka 2016, televisheni ya taifa ya Uswidi ilionyesha filamu ya uchunguzi juu ya wagonjwa hao. Mwezi uliofuata Hamsten alijiuzulu. Mwezi wa tatu Macchiarini alifukuzwa. Wachunguzi wawili wa nje waliwekwa, mmoja kwa hospitali na mmoja kwa chuo, na baada ya ripoti zao serkali ya Uswidi iliwaondoa wajumbe wa baraza la chuo. Mwaka 2018, rekta mpya aliamua kwamba Macchiarini na watafiti wengine sita walihusika na udanganyifu, na The Lancet ikafuta makala zake mbili. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kuwadhuru wagonjwa wale watatu.

Kuna jambo moja linalouma katika mwisho huo. Mmoja kati ya madaktari wanne walioleta malalamiko naye aliwekwa kwenye orodha ya wenye kuhusika, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye makala. Wamoja walisema ni haki: aliyesaini amesaini. Wengine walisema: basi nani atathubutu kusema tena? Maswali yote mawili ni ya kweli, na yanaonyesha kwa nini ulinzi wa anayesema lazima upangwe mapema, si baada ya moto kuwaka.

Walichobadilisha

Uswidi haikuishia kumfukuza mtu. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka 2020, kuna sheria mpya: malalamiko ya udanganyifu katika utafiti hayahukumiwi tena na chuo chenyewe. Yanapelekwa kwenye baraza moja la taifa, lililo nje ya vyuo vyote. Mlango ni mmoja, na hakimu si mwajiri.

Hilo ndilo somo. Katika kisa cha Karolinska hapakukosekana sheria, wala wataalamu, wala pesa. Malalamiko yaliandikwa vizuri, yakiwa na ushahidi, na watu waliosoma sana. Kilichokosekana ni mlango mmoja wa kuyapokea na mtu wa nje wa kuyaamua. Kama jambo hilo liliweza kupotea katika nchi yenye ofisi zilizopangwa hivyo, sembuse kwetu, ambapo mara nyingi profesa mwenye taaluma fulani ni mmoja tu katika jimbo zima.

Na kwetu, sheria inasema nini?

Hatuko mikono mitupu. Wizara ziko mbili: ile ya elimu ya juu na vyuo vikuu, ESU, na ile ya afya. Kila moja ina sheria yake: sheria ya mwezi wa pili mwaka 2014 juu ya elimu ya taifa, na sheria ya mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 juu ya afya ya umma. Pembeni yake kuna Baraza la Waganga, ile tunayoiita Ordre des Médecins, lililoundwa mwaka 1968. Kila daktari anayetibu nchini lazima awe ameandikwa humo, hata kama ni profesa. Na juu ya zote kuna Katiba ya mwaka 2006. Kifungu chake cha 27 kinasema kwamba kila Mkongomani ana haki ya kuandikia mamlaka ya umma, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena kinasema hakuna mtu atakayeshtakiwa kwa sababu ya kuandika.

Miezi mitatu. Ni wanafunzi wangapi wanaojua hilo?

Lakini milango hiyo haifanani, na kugonga mlango usiofaa ndiko kunakopoteza barua nyingi. Tuipange.

Kama jambo ni la pointi, la mtihani, la silabi inayouzwa kwa lazima ao la pesa zinazoombwa kwa ajili ya saini, ni la chuo kikuu. Linaanzia kwa mkuu wa fakilte, kisha kamati ya uongozi, kisha wizara ya ESU. Baada ya juri kutangaza matokeo, mwanafunzi anaweza kuomba karatasi yake iangaliwe upya. Lakini muda wa kufanya hivyo ni mfupi, hivyo asingojee.

Kama jambo ni la namna mgonjwa alivyotibiwa, ni la hospitali na la Baraza la Waganga. Mgonjwa na jamaa yake wana haki ya kulalamika sawa na mwanafunzi, na wasiambiwe kwamba «profesa hakosei».

Kama ni jaribio ao utafiti juu ya wagonjwa, kuna kamati za maadili, pamoja na ile ya taifa ya maadili ya afya. Swali la kwanza la kuuliza ni moja tu: ruhusa ya kamati iko wapi, na ina tarehe gani?

Kama ni kunyanyaswa kimapenzi, hapo si nidhamu ya chuo peke yake. Wanafunzi wa Congo wana jina lao la mzaha, wanasema «pointi zinazoambukizwa kwa njia ya ngono». Mzaha unachekesha, lakini sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 2006 juu ya ukatili wa kingono haicheki: unyanyasaji huo ni kosa la jinai. Chuo na hospitali vinaweza kutoa adhabu zao, lakini kesi ni ya parke na mahakama. Kamati ya nidhamu haina haki ya kuizima kwa kupatanisha familia.

Shida ni kwamba maisha hayajigawi hivyo. Stajiere aliyenyanyaswa kwenye zamu ya usiku ana kesi ya hospitali, ya chuo na ya parke kwa wakati mmoja. Kama kila nyumba inangoja nyingine ianze, hakuna atakayeanza. Na siku hizi, ambapo vita vimekata barabara na kutenganisha ofisi za Mashariki na Kinshasa, kusema tu «andikia wizara» ni kama kumwambia mtu apande ndege asiyo nayo. Ndiyo maana jibu la kwanza linapaswa kuwa hapa hapa, kati ya hospitali na chuo vinavyojuana.

Ukurasa mmoja kwenye mkataba

Kila chuo kinachopeleka wanafunzi hospitalini kinahitaji mapatano na hospitali hiyo: wanafunzi wangapi, idara gani, nani anasimamia, nani analipa nini. Humo ndimo pa kuongeza ukurasa mmoja juu ya malalamiko. Hauhitaji msaada wa kutoka nje. Unahitaji mambo matano.

La kwanza: daftari moja la nyumba zote mbili, na mtu mmoja anayejulikana wa kulishika. Mlalamikaji akienda chuo ao hospitali, barua inaandikwa katika daftari hilo hilo, naye anabaki na nakala yenye muhuri na tarehe. Neno «si kwetu» linafutwa. Nyumba hizo mbili zitaamua zenyewe nani achunguze. Si kazi ya mwanafunzi kujua.

La pili: muda. Siku chache za kusema «tumepokea», na siku zinazohesabika za kutoa jibu kwa maandishi. Jibu linaweza kuwa «hapana», lakini liwe na sababu.

La tatu: mtu wa nje. Katika kamati ya watu watatu ao watano, angalau mmoja atoke chuo kingine, mji mwingine, ao awe mwanasheria. Aliyesoma pamoja na profesa, aliyeandika naye makala, ao anayeongozwa naye hospitalini, akae pembeni.

La nne: pointi ziondoke mikononi mwa mlalamikiwa. Tangu siku barua inapoandikwa daftarini, stajiere apewe msimamizi mwingine na juri nyingine. Hiyo si adhabu kwa profesa. Ni ulinzi kwa wote wawili, kwa sababu profesa naye hatashutumiwa kwamba amelipiza kisasi.

La tano: profesa asikilizwe. Wako wanafunzi walioanguka mtihani wanaotafuta mtu wa kulaumu. Wako wafanyakazi wenye chuki za kazi. Profesa aonyeshwe anachoshutumiwa, apewe nafasi ya kujibu, na akionekana hana kosa, hilo nalo litangazwe wazi kama vile shutuma zilivyosambaa. Tetesi za vyumba vya wanafunzi na za WhatsApp zimeharibu majina ya watu ambao hawakupata hata siku moja ya kusikilizwa. Mlango mmoja unaojulikana unamlinda profesa mwema kuliko ukimya.

Wakubwa wengine wanaogopa kwamba daftari la malalamiko litaleta aibu kwa nyumba. Karolinska ilifikiri hivyo pia. Ilikataa aibu ndogo mwaka 2014 na 2015. Mwaka 2016 ikapata aibu kubwa mbele ya dunia nzima, na watu wa nje ndio walioiambia ilichojua tayari.

Kijana yule wa Eritrea alienda Stockholm akitafuta matibabu. Bila shaka aliamini kwamba nyuma ya profesa kuna hospitali inayoangalia, na nyuma ya hospitali kuna chuo kinachoangalia. Kila nyumba iliamini kwamba nyingine inaangalia.

Mgonjwa anayelala leo kwenye kitanda cha hospitali ya Bukavu ao Goma, na stajiere anayempima joto, wanaamini vile vile. Daftari, muhuri na tarehe ni vitu vidogo. Lakini wakubwa wawili wakikosa kuketi pamoja na kuviweka, imani hiyo haina mahali pa kusimama.